Kibichi Hakibanduliwi

Hapo kale, yaani mwaka juzi tu, palikuwa na nchi ambayo jina lake nimelisahau kwa hiari yangu mwenyewe. Msinibane. Ilikuwa nchi yenye amani tele, na yeyote aliyedai kwamba hajaiona amani hiyo aliletewa hadi mlangoni, ikiwa imevaa buti.

Katikati ya mji mkuu ilipita Barabara ya Shukrani, na kando yake ilisimama michikichi iliyopandwa na mababu. Sasa mchikichi una tabia moja. Kuti lake likifa likaanguka, kitako cha kuti hakiondoki. Hubaki kimeng'ang'ania shina miaka na miaka, na kingine juu yake, na kingine tena, mpaka mti unakuwa na ngazi yake wenyewe. Watu wa kazi ile waliviita vitako hivyo visiki.

Kusafisha visiki ilikuwa kazi ya mafundi, na fundi mkuu wao alikuwa Kibwana Fumo, mume wa Sikudhani. Kibwana alipanda kwa kukanyaga visiki, kamba ya nyuzi ikiwa imemzunguka kiunoni yeye na shina. Alikata mikungu ya chikichi, kisha akashuka akivibandua visiki vikavu kwa tezo, kutoka juu kuja chini, daima kutoka juu kuja chini, maana anayeanzia chini anajikatia ngazi. Kamba ilimshika akiegemea nyuma na kuachia mikono yote miwili, na watoto wakimtazama walisema Baba Kibwana amekaa kwenye kiti cha hewa.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko miwili tu. Wa kwanza: kabla hujagusa shina kwa chuma, simama chini uite, "Kuna mtu juu?" Ukijibiwa, weka chuma chini ukae. Wa pili: kisiki kibichi hakibanduliwi. Ukikilazimisha, mti hulia maji, huoza, hufa. Kiache kikauke, kitatoka chenyewe.

Kuita ilikuwa kazi ya Sikudhani. Mwenyezi Mungu alikuwa amemjalia sauti ambayo siku moja, akimwita mumewe aje kula, ilisimamisha ndoa iliyokuwa ikifungwa mtaa wa pili. Akishaita, na Kibwana akishajibu "Nipo!" kutoka kileleni, alikaa akaokota visiki vilivyodondoka, maana vinawaka vizuri sana jikoni. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na hawakuwa wameyalalamikia.

Basi siku moja Mtukufu Mlezi wa Taifa alipita Barabara ya Shukrani kwa gari lake refu. Mtukufu alikuwa ametawala tangu wananchi wengi hawajazaliwa, na alikuwa amekwisha kuahidi kuwazika waliobaki. Akatazama dirishani, akaviona visiki, uso ukamkunjamana.

"Naona vitu vilivyokwisha kazi yake," akasema, "lakini vimeng'ang'ania mahali pake. Jambo hili linanikera mno."

Mawaziri waliokuwa ndani ya gari waliangalia viatu vyao. Hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake, na hakuna kabisa aliyethubutu kumwangalia Mtukufu.

Kabla jua halijazama iliundwa Wizara ya Unadhifu wa Mashina, akapewa Mheshimiwa Mtandika, ambaye hadi asubuhi hiyo alikuwa Waziri wa Mambo Yaliyobaki. Mheshimiwa Mtandika alikuwa mtu wa vyeo. Alivaa mshipi wa heshima begani, na kila alipopata cheo kipya kilidariziwa kwenye mshipi huo, hata ukawa mrefu kiasi kwamba vijana wawili wa wizara walimfuata nyuma wakiushika kama shela ya bibi harusi.

Waziri akaanza kutoa nyaraka. Mashina yote yanyolewe yawe laini kama kidevu cha kuruta. Yanyolewe kuanzia chini, kwa kuwa dirisha la gari la Mtukufu huonyesha sehemu ya chini tu. Kamba zikapigwa marufuku, maana mwananchi aliyefungwa kwenye mti huwapa wageni picha mbaya. Ngazi nazo zikapigwa marufuku kwa sababu zinakwaruza. Wala mtu asishuke mtini bila idhini ya Waziri, kwani watu wanaoshuka ovyo wanaonekana kama wanaikimbia kazi. Mwisho wizara ikaigeukia lugha yenyewe. Ile methali inayosema aliye juu mngoje chini ikafutwa, na shuleni watoto wakafundishwa kwamba aliye juu mpongeze chini.

Kibwana alipanda bila kamba. Angefanya nini? Mkewe aliificha kamba ile kwenye pipa la mchele akisema, "Baba, haya ni mambo ya kupita." Yakapita kweli, lakini yalipita juu yao.

Asubuhi ile Kibwana alikuwa kileleni akikata mkungu, wakaja wanyoaji wa wizara, na Waziri mwenyewe, na watu wa televisheni. Sikudhani akasimama penye shina kama mila ilivyotaka, akaita.

"Kuna mtu juu?"

"Nipo!" Kibwana akajibu. Waliokuwapo walisikia. Mti mzima ulisikia.

Mheshimiwa Mtandika aliinua kichwa, akakishusha, akatazama ratiba ya ziara. "Kwa mujibu wa ratiba," akasema, "hakuna mtu juu. Nyoeni."

Sikudhani alipiga kelele. Askari wawili wakamziba mdomo, kwa adabu, wakimwita mama. Wanyoaji wakanyoa, wakapandiana mabegani wakanyoa tena, shina likawa laini hadi urefu wa watu watatu. Kibwana, aliyeuona mdomo wa mkewe ukizibwa, alianza kushuka haraka. Unyayo wake ukatafuta kisiki pale kilipokuwa siku zote. Ukakuta unadhifu wa Serikali.

Alifia pale pale mizizini. Picha yake ilikatwa kwenye taarifa ya habari, wakabakiza shina tu, na kwa kweli lilikuwa limependeza.

Iliundwa tume. Tume ikagundua kwamba marehemu alishuka bila idhini, ikamtia hatiani. Hukumu ilisomewa makaburini ili mshtakiwa asije akadai hakuisikia: kifungo cha maisha, kitakachoanza siku atakapofufuka, na jina lake lisitamkwe kamwe kwenye Barabara ya Shukrani. Mkewe aliamriwa aoshe damu kwenye shina kwa sabuni yake mwenyewe. Akaosha. Alisugua kwa hasira, na hakutoa chozi hata moja, maana aliona chozi likidondoka pale litahesabiwa uchafu.

"Kisasi ni cha Mungu, mwanangu," jirani yake Bi Rukia alimwambia siku ya arubaini.

"Mungu ana shughuli nyingi, mama," Sikudhani akamjibu. "Mimi nina nafasi."

Wizara nayo haikukosa huruma. Ilimwita mjane kwenye hafla, ikamzawadia tezo ya mumewe mwenyewe, iliyofungwa utepe, ikamfanya nyapara wa kikosi cha akina mama wanyoaji. Mheshimiwa Mtandika alimshika mkono mbele ya kamera. Sikudhani alipiga goti, akashukuru hadi watu wengine wakaona haya kwa niaba yake. Waliokuwa wakimheshimu wakamtemea mate. Akayafuta, akaenda kazini.

Alinyoa miti ya Serikali kwa bidii, uso mkunjufu kama mama wa bwana harusi. Chini ya kanga, kiunoni, alivaa kamba ya Kibwana, na kila alipoinama ilimbana kidogo kumkumbusha. Wizara ilitaka mashina yawe laini hadi kileleni, basi vikabanduliwa na vibichi. Michikichi ikalia maji, ikaoza, ikaanza kuanguka mmoja mmoja. Mawese yakaadimika mjini. Redio ikawapongeza wananchi kwa kupungua unene.

Ukabaki mti mmoja haujaguswa, Mchikichi wa Taifa, uliosimama mbele ya lango la Ikulu. Sikudhani mwenyewe ndiye aliyeomba ubakizwe. "Tuuweke kwa ajili ya Siku ya Shina Safi, Mheshimiwa," alisema. "Kitinda mimba hupakatwa mwisho." Waziri akaona mama huyu ana akili ya kiutawala.

Siku ya Shina Safi ikafika. Mtukufu Mlezi aliketi kwenye kiti chake, amesinzia kwa niaba ya taifa. Nyuma yake pilau ilikuwa ikinukia kwenye masufuria. Mheshimiwa Mtandika alisimama na mshipi wake, kipaza sauti kimening'inia kifuani, kimeunganishwa na vipaza sauti vya mji mzima. Sikudhani akaitwa atoe neno la shukrani kwa niaba ya wajane.

"Mtukufu baba yetu," akaanza, na kwa sauti ile hakuhitaji kipaza sauti. "Nchi nyingine mawaziri wao huongoza wakiwa chini. Sisi Mungu katupa Waziri ambaye, tumesikia, tangu utoto hakuna mti uliomshinda. Hata kindi wakimwona wanampisha. Sisi wajane tuna ombi moja dogo. Kabla mti huu haujanyolewa, Mheshimiwa aupande, amkatie Mtukufu mkungu kwa mkono wake mwenyewe, nasi tumnyolee mti chini yake kwa heshima."

Akina mama wa kikosi wakapiga vigelegele. Mtukufu akaamka.

"Mtandika! Kumbe wapanda?"

Mti wa mwisho Mheshimiwa kuupanda ulikuwa ngazi ya ndege. Alifungua kinywa akatae, lakini sifa zilikuwa zimekwisha kumwingia, na mgema akisifiwa mnajua anachokitia kwenye tembo. "Kidogo, Mtukufu," akasema. "Enzi zile."

Wala hakikuwa kitu kigumu. Visiki vya Mchikichi wa Taifa vilikuwa vipana na imara, ngazi ya kumtosha mbuzi mnene. Akapanda, mshipi ukimfuata, vijana wawili wa wizara wakauachia mikono yao ilipofika mwisho. Akafika kileleni, akakaa katikati ya makuti, akanyofoa mkungu mmoja na kuurusha chini, ukamkosa balozi wa nchi jirani. Makofi yakalipuka. Mheshimiwa akatazama chini, akaona vichwa vyote vya taifa viko chini ya viatu vyake, na hotuba ikampanda bila kuandikwa na mtu.

"Ndugu wananchi! Nikiwa huku juu ninaona mbali! Naona maendeleo yanakuja! Yako njiani, yamesimama kidogo yanapumzika! Na ninasema, mwenye wivu na apande kama mimi!"

Sikudhani akaenda penye shina, tezo mkononi. Aliinua uso, akaita kama alivyoita maisha yake yote.

"Kuna mtu juu?"

Mheshimiwa Mtandika, aliyekuwa hapendi kukatizwa, akafoka kwenye kipaza sauti, "Mama we! Hakuna mtu juu! Kuna Waziri!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi.

"Niulize tena, Mheshimiwa, ili Mtukufu naye asikie. Hakuna mtu juu?"

"Hakuna! Nyoeni! Nyoeni kuanzia chini kama waraka wangu unavyosema!"

"Haya," Sikudhani akasema polepole. "Mmesikia wenyewe."

Akina mama wakaanza. Wakanyoa, wakapandiana mabegani wakanyoa tena, Sikudhani akiwa juu kabisa. Visiki vikavu vikaporomoka kwa kishindo, na juu hotuba ilikuwa imefika kwenye viwanda. Vilivyokuwa vibichi kule karibu na makuti hawakuvigusa, miiko ni miiko. Walipomaliza walilipaka shina mawese, yale machache yaliyobaki mjini, likang'aa.

"Safi sana," Mtukufu akasema. "Shuka sasa, Mtandika, tukale."

Mheshimiwa akateremka visiki vile vichache vilivyobaki, akashusha kiatu kimoja. Kiatu kikatafuta huku, kikatafuta kule. Akakirudisha. Kwa muda vipaza sauti vilitoa pumzi tu.

"Mtukufu," sauti ikasema hatimaye, ndogo kuliko mwanzo. "Naomba idhini ya kushuka."

"Idhini hutolewa na nani?"

"Na mimi, Mtukufu."

"Basi jipe."

"Hutolewa ofisini, Mtukufu. Nikiwa kitini."

Mtukufu alifikiri. Upepo ukaleta harufu ya pilau, ukamsaidia kuamua. Akaondoka, na wote wakamfuata kwa kufuata vyeo vyao. Zimamoto walikuja na ngazi, wakasoma waraka unaokataza ngazi, wakarudi na ngazi yao. Naibu Waziri, Bwana Mkadamu, aliapishwa kuwa Kaimu kabla sahani hazijaoshwa. Alipoulizwa kama hawezi kuufuta waraka, machozi yakamlengalenga. Alisema anamheshimu mno kaka yake kiasi cha kutoweza kufuta maandishi yake angali hai.

Mchuuzi mmoja wa karanga aliyekuwa akipita alitazama juu akatikisa kichwa. "Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema, akaenda zake. Hakuhitaji kuimalizia.

Sikudhani hakuondoka. Aliwasha moto wa visiki chini ya mti, akachemsha muhogo.

"Mama," Mheshimiwa akaita. Vipaza sauti vilikuwa bado viko hewani, kwa kuwa kuvizima kulihitaji idhini yake. "Mama, huna hata kamba?"

Sikudhani akafungua kanga, akamwonyesha. "Ninayo. Ya marehemu."

"Marehemu nani?"

"Hilo ndilo jina ninalolingoja, Mheshimiwa. Litamke, na useme alijibu au hakujibu. Ukisema, kamba yako."

Mheshimiwa akamuahidi barabara yenye jina lake. Sikudhani akala muhogo. Akamuahidi ukuu wa wilaya, akamtisha kwa jela, akamwita dada, kisha shangazi. Mvua ikanyesha, jua likawaka, mvua ikarudi. Kule juu Mheshimiwa alitafuna chikichi mbichi hadi midomo ikawa myekundu. Suti ikamnywea mwilini. Ndipo asubuhi moja watu wakiwa sokoni, shuleni na maofisini, vipaza sauti vyote vya mji vikakohoa.

"Kibwana Fumo," sauti ikasema, na ikasikika hadi mwisho wa Barabara ya Shukrani. "Kibwana Fumo alikuwa juu. Aliulizwa, akajibu. Nilimsikia. Nikaamuru wanyoe. Hakuwa na kosa lolote. Kosa ni langu."

Mji ukasimama. Sikudhani aliyekuwa akichochea moto aliachia kijiti, akafunika uso kwa kanga, akalia. Alilia yale machozi ya siku ya sabuni, yote, kwa sauti yake kamili, na inasemekana mabilauri yalitikisika Ikulu.

Kisha akafuta uso, akatimiza ahadi. Mheshimiwa aliteremsha mshipi wake wa heshima, vyeo vyote vikashuka kimoja kimoja, na cha mwisho kikafika chini. Sikudhani akafunga kamba kwenye ncha ya mshipi, ikavutwa juu.

"Izungushe shina," akamwelekeza. "Izungushe kiuno. Funga, kaza. Umefunga? Sasa kanyaga shina kwa nyayo zote mbili, uegemee nyuma, uachie mti."

"Niachie?"

"Uachie. Kamba itakubeba."

Mheshimiwa Mtandika alikumbatia shina kwa mikono yote miwili. Akalegeza kidole kimoja, akakirudisha. Alikuwa hajawahi kuachia kitu tangu azaliwe, si kiti, si cheo, si mwisho wa sentensi. "Siwezi," akanong'ona, na mji wote ukasikia.

"Mwenzako aliweza kila siku," Sikudhani akasema. Sitawadanganya kwamba alimbembeleza.

Serikali haikukaa kimya. Jioni redio ikatangaza kwamba, kwa mujibu wa ratiba, hakuna mtu juu ya Mchikichi wa Taifa. Sauti inayosikika ni ya upepo, na maneno yanayodaiwa kusemwa na upepo huo hayana uhusiano na wizara. Wananchi wakawa watiifu. Walipita chini ya mti, upepo ukawaomba maji, wakaambiana, "Leo kuna upepo," wakaharakisha.

Kisha Mtukufu akapita kwa gari lake. Safari hii, sijui kwa nini, alitazama juu.

"Nini kile kimeng'ang'ania pale?" akauliza. "Kinanikera. Kiondolewe."

Kaimu Waziri Mkadamu akatoka mbio hadi kwa Sikudhani, mshipi wake mpya, mfupi bado, ukipeperuka.

"Mama, fundi umebaki wewe. Mtukufu ameamuru kile kitu kibanduliwe leo leo. Kinabanduliwaje?"

Sikudhani aliinuka. Alichukua tezo, akaipitisha kidole gumba makalini, akaenda hadi penye shina. Akaita kama mila ilivyotaka.

"Kuna mtu juu?"

"Nipo!" ikajibu sauti iliyokauka. "Mama, nipo! Nipo!"

Neno lilikuwa lile lile la Kibwana.

"Usiusikilize, ni upepo," Mkadamu akasema haraka.

Sikudhani akamtazama Kaimu, akautazama mshipi wake, akatazama juu kwa muda mrefu. Halafu akaiweka tezo chini.

"Bado kibichi, baba," akasema. "Na kibichi hakibanduliwi. Kiache kikauke, kitatoka chenyewe."

Akafunga kuni zake, akajitwika, akaenda nyumbani kupika.